Sanduku la Mfalme Aliyezama

Mimi ni fundi masanduku. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asisome mpaka katikati akimtafuta profesa. Nilifika darasa la tatu. Mwalimu akanichapa kwa kosa la mwenzangu, nikamrudishia moja, na masomo yangu yakaishia hapo. Baba yangu alikuwa askari, Mnubi, na lugha ya askari ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo cha kusema nilizaliwa nacho kambini. Cha kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya Kenya yaliyokuja dukani yamefungiwa misumari.

Kazi yangu iko Katwe, mtaa wa mafundi bati. Nimekata bati pale tangu nikiwa na nywele. Shule za bweni zikikaribia kufunguliwa, wazazi wanakuja na watoto wao kuchagua masanduku, na langu hata ukilikuta mbali kule Gulu utalijua. Lina bawaba tatu, si mbili. Pembe zimekunjwa na kupigwa ribiti mpaka haziwezi kuchana hata soksi. Juu ya mfuniko kuna jina la mwenyewe, herufi zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Na ndani kuna kipande cha sabuni ya mche, kwa sababu kwangu sanduku tupu halitoki. Hilo la sabuni sikufundishwa na mtu. Nililianza mwenyewe, kwa kuwa mteja akifungua kitu kipya nyumbani kwake lazima akute kitu. Mafundi wenzangu walinicheka. Halafu wawili wakaiga, wakaweka sabuni ndogo kuliko yangu.

Nina watoto sita. Wa mwisho ni msichana, ingawa umri wake haumruhusu tena kuitwa hivyo. Ndiye aliyesoma kwa niaba yetu sote. Anafanya kazi ofisini Nakawa, mambo ya mizigo inayoingia na kutoka, na amepanga chumba Kamwokya, ghorofa ya kwanza, juu ya mama mmoja anayepika chapati. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana huwa anacheza mchezo na wenzake. Nililijua jambo hilo muda mrefu na sikuuliza. Niliogopa ni kamari, na mtu akishauliza inabidi afanye kitu.

Siku moja akanijia kibandani, amevaa viatu vya ofisi, akaruka mfereji wa maji machafu kama mtu anayejua njia.

"Asalaam aleikum, Baba."

"Waaleikum salaam. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka sanduku."

"Una mtoto wa bweni ambaye hatujaambiwa?"

"Baba! Nataka sanduku la mfalme."

Nikaweka nyundo chini. Katika mji huu, wenye mfalme wa kweli, neno hilo ni zito, na kuna mambo ambayo mzee wa umri wangu hataki kuingizwa. Nikamuuliza ni mfalme yupi. Akasema huyu alizama ziwani na mji wake wote, zamani sana, na pia hakuwahi kuwapo.

Nikamletea kigoda, akakaa, akanieleza. Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanakaa mezani. Mmoja, naye ni binti yangu, anawasimulia wako wapi na mbele yao kuna nini. Wengine kila mmoja amejichagulia mtu wa kuwa: huyu mwindaji, huyu mganga, huyu mwizi. Binti yangu anauliza, "Unafanya nini?" Mtu anasema anachofanya. Kama ni jambo gumu anarusha dadu, na dadu zinasema kama ameweza.

"Nani anashinda?" nikauliza.

"Hakuna anayeshinda, Baba."

"Sasa mnajuaje saa ya kwenda nyumbani?"

"Tunachoka."

Nikamwambia aendelee.

Hadithi yao ilikuwa moja tu, na walikuwa wameifuata miaka miwili. Wasafiri watatu waligusa mali ya yule mfalme aliyezama, mikono yao ikawa myeusi, na weusi ulikuwa unapanda kidogo kidogo kuelekea moyoni. Dawa, kila mtu katika hadithi alisema, imo ndani ya sanduku la mfalme. Miaka miwili wanalitafuta sanduku hilo. Sasa walikuwa wamelifikia. Ilibaki Jumapili moja ya kulifungua, ile ya wiki mbili mbele, na moja tu, kwa sababu mmoja wa wale watatu, muuguzi, alikuwa amepata kazi Uarabuni ya kutunza wazee na alikuwa anaruka kwa ndege Jumanne yake.

"Akiondoka meza imekufa," binti yangu akasema. "Watu wanasema tutaendelea kwa simu. Hatutaendelea. Nataka wamalize wakiwa wameliona sanduku kwa macho. Nataka walishike. Ikiharibika siku hiyo, Baba, hakuna ya pili."

Tangu amalize shule hakuwa ameniomba kitu. Nikamuuliza ndani ya sanduku kuna dawa gani. Akasema hiyo ni siri ya mezani, hata mimi siambiwi.

Nikamtengenezea sanduku. Siku tatu. Nilitumia bati zito la kipimo ambacho siku hizi hawaleti, nililoficha kwa ajili ya kazi ya maana, na maana yenyewe haikuwa imekuja miaka yote hiyo. Mfuniko nikaupinda uwe na mgongo, kama wa masanduku ya zamani. Komeo la mbele nikalifua mwenyewe. Akaja Jumamosi, akalizunguka mara mbili.

"Ni zuri mno," akasema.

"Ndiyo."

"Baba, limekaa chini ya ziwa miaka mia tatu."

"Langu lingetoka hivihivi."

Akacheka, lakini hakuwa anacheka. Alitaka kutu. Alitaka limeliwa, limebonyea, limeota ukungu. Nikamweleza kwamba maisha yangu yote nimepigana na kutu, kwamba watu wanatoka mpaka Arua kuja kwangu kwa sababu ya kutu ya masanduku ya wengine, na sasa mtoto wangu wa kumzaa ananiambia niilete kwa mkono wangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kama siwezi atamwomba yule fundi wa kibanda cha pili.

Yule fundi wa kibanda cha pili ndiye wa sabuni ndogo.

Kutu ni kazi. Nani angejua? Bati jipya lina ngozi ya zinki na halishiki kutu kwa kuombwa. Nikalisugua kwa msasa mpaka ngozi ikachoka, nikapaka maji ya betri kwa tambara lililofungwa kwenye mti, nikasuuza, nikanyunyiza chumvi na siki, nikalifunga kwa magunia mabichi, nikaliacha. Asubuhi nikafungua, nikakuta rangi ya chai. Nikarudia. Siku ya tatu lilikuwa linatia huruma. Nikalibonyeza kwa nyundo ya mpira sehemu nne.

Wenzangu hawakukosa kuona.

"Mzee! Sanduku lako linaoza!"

"Nimeagizwa."

"Nani anaagiza kuoza?"

"Mfalme."

Baada ya hapo nikalifunika turubai, kama mtu anayeficha maiti, nikafanya kazi chini yake.

Likabaki jina. Sanduku kwangu haliondoki bila jina, na binti yangu aliniandikia jina la yule mfalme kwenye karatasi. Lakini alitaka herufi zilizopinda, zilizofutika nusu, kana kwamba zimeandikwa na mtu anayezama. Nikajaribu kwenye kipande cha bati. Ikatoka imenyooka. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Ikatoka imenyooka, ila polepole zaidi. Mara ya tatu nikafumba macho, na hata hivyo ungeweza kuweka rula chini yake. Akaiangalia, akapumua, akasema basi liache bila jina. Tukaliacha. Mgongo wa mfuniko ukabaki mtupu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwangu, na kila nilipolipita nililiona.

Mimi nikianza kazi sijui kuiacha nusu. Sanduku la kutu lililowekwa juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, kwenye chumba chenye kalenda na jua la saa nane, ni takataka tu. Nilimwambia hivyo nilipoenda kuona chumba chake. Akasema alifikiria kuzima taa. Nikamuuliza atalizima vipi jua.

Kwa hiyo tukatengeneza ziwa. Nilienda Ggaba kwa wavuvi nikapata nyavu zilizochakaa, wakanipa wenyewe wakishangaa, nikazitundika ukutani zikifunika kalenda, kabati na kioo. Madirishani tukapigilia mablanketi. Nikachukua makopo ya maziwa ya unga, nikayatia kipande cha mti ndani yasibonyee, nikayatoboa kwa msumari, matundu madogo mengi, nikaweka mshumaa ndani ya kila moja. Mwanga ukatoka wa vitone vitone. Lakini ulikuwa umesimama, na maji hayasimami. Hapo nikaweka beseni la maji katikati ya meza, tochi ikimulika juu yake kutoka pembeni, na mtu akigusa meza kidogo tu dari yote inaanza kucheza. Binti yangu alilala chali sakafuni akiangalia dari muda mrefu.

Udi nilileta wa mke wangu. Aliniuliza ni harusi ya nani.

Kitu cha mwisho alichoomba kilikuwa weusi wa mikono. Walikuwa wanapaka kalamu, akasema, na inaonekana kalamu. Nikakwangua masizi kwenye sufuria zinazopikiwa kuni, nikayakoroga na mafuta ya mashine mpaka yakawa kama siagi nyeusi. Nikajaribu kwenye kidole changu. Ulikuwa weusi wa kweli. Kidole hicho kilikaa hivyo mpaka wiki iliyofuata, lakini wakati ule niliona ni sifa.

Jumapili asubuhi nikalitoa sanduku chini ya turubai. Nikalipangusa ndani, nikatia mafuta bawaba zote tatu zisilie, nikafanya yote ninayofanya sanduku linapotoka kwangu, nikafunga kufuli. Binti yangu alikuwa ameagiza liletwe limefungwa, na ufunguo nimpe mkononi. Nilimpa. Akaliinua upande mmoja, akalitikisa kidogo, akaridhika. Nilikuwa nimefunga kile kitu kwenye tambara, hakikugonga.

Wakafika saa nane. Wa kwanza alikuwa fundi simu wa hapohapo Kamwokya, Muganda, mdomo haufungi. Wa pili Mkongo anayeuza vitenge, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Wa tatu muuguzi, mwanamke mrefu wa kaskazini, mtoto wa polisi, aliyekulia kambini kama mimi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kila mmoja na chake. Mimi nilipewa kazi nyuma ya blanketi, kwenye kona ya jikoni, na bati jembamba refu nililolitundika kwa kamba. Ukilishika chini ukalitikisa, ni radi. Nilikuwa na tundu la kuchungulia.

"Banange, jamani, kunanuka samaki," fundi simu akasema mlangoni.

"Vizuri," akasema binti yangu.

"Si vizuri, nnyabo, nimetoka kanisani."

"Papa iko wapi?" Mkongo akauliza. "Nasikia Papa ndiye alitengeneza hii mambo yote."

"Baba hayupo. Kaeni."

Nikaona si adabu kusalimia kutoka nyuma ya blanketi, nikanyamaza.

Akawapaka mikono, mmoja mmoja, kutoka kwenye vidole mpaka kifundo. Muuguzi akaigeuza mikono yake chini ya ule mwanga. "Jumanne nikifika uwanja wa ndege na hii mikono watanirudisha," akasema, na wote wakacheka, kisha kicheko kikaisha mapema kuliko walivyotaka.

Nilikuwa nimeamua kutolisifu jambo hili, lakini nitasema nilichoona. Binti yangu alianza kusema, na sauti yake haikuwa ya ofisini. Aliwashusha chini ya maji. Aliwaambia milango ya mji imefunguka, barabara ina matope, na watu wa mji wamesimama kama walivyosimama siku ile. Udi ukapanda. Dari ikacheza. Fundi simu alinyamaza, na hilo peke yake lilistahili nyavu zote zile. Nilipopewa ishara, kikohozi, nilitikisa bati. Nadhani nilitikisa kwa moyo. Mkongo aliruka kutoka kwenye kiti, na kule chini mama wa chapati akawaita wanawe waanue nguo haraka, mvua inakuja. Nje jua lilikuwa linawaka.

Walipita vyumba vitatu kwa dadu na ubishi. Kisha binti yangu akaondoa kitambaa kilichokuwa pembeni ya meza, na sanduku likaonekana.

Mkongo alinyoosha mkono mweusi, akaigusa kutu, akaangalia kidole. "Hii ni ya kweli," akasema. Nilikuwa nyuma ya blanketi, jasho linanitoka, na nilijisikia vizuri.

Wakakubaliana muuguzi ndiye afungue. Akarusha dadu. Binti yangu akahesabu, akampa ufunguo. Nilimwona binti yangu akitoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye mfuko wa gauni lake, akaiweka tayari kusoma. Kufuli likaitika. Mfuniko ukainuka bila kulia, bawaba tatu.

Muuguzi akaingiza mkono. Akatoa tambara lililofungwa. Akalifungua.

"Sabuni," fundi simu akasema.

Ilikuwa sabuni. Ya bluu, ndefu kama kidole cha kati, imekatwa vizuri.

"Mfalme alikuwa anafua?" Mkongo akauliza.

"Miaka miwili, jamani! Nimekufa mara mbili kwenye hadithi hii! Kwa sabuni ambayo hata dukani pale chini..."

Walicheka, wale wawili, na mimi nikamwangalia binti yangu kupitia tundu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia blanketi langu, moja kwa moja, kana kwamba halipo. Hapo nikaelewa. Sanduku lilipaswa kuwa tupu. Dawa haikuwapo. Ile ndiyo siri ya mezani, na ile karatasi ndiyo maneno yake. Alisahau jinsi baba yake anavyotoa sanduku. Au hakusahau, ila alidhani hili ni la mchezo, kwa hiyo halihesabiki. Mimi nililihesabu. Siku tatu za kulitengeneza na wiki nzima ya kuliharibu, ningelitoaje tupu?

Nilishika bati ili lisilie. Nilifikiri kutoka na kueleza. Lakini ningeeleza nini, kwa watu walio chini ya ziwa?

Muuguzi naye hakucheka. Alikuwa ameishika sabuni kwa mikono yote miwili, ile myeusi, akainusa.

"Nyamazeni," akawaambia wenzake. Wakanyamaza. "Mkono mweusi. Sabuni." Akamtazama binti yangu. "Si ndiyo hii dawa?"

Katika mchezo huo mwenye meza ndiye mwenye neno. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ni kosa, rudisheni, tuanze tena pale kwenye kufuli. Wote walimngoja. Mshumaa mmoja ukazimika kwenye kopo. Binti yangu akaitazama ile karatasi, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaweka dadu juu yake.

"Unafanya nini?" akamuuliza.

"Nanawa."

"Kwa maji gani?"

Muuguzi akaangalia beseni, lile la dari. "Ya ziwa," akasema.

Sisi hatumwachi mgeni anawe peke yake. Nyumbani kwa baba yangu, hata awe mdogo wako, unammiminia. Sikufikiri. Nilitoka nyuma ya blanketi na kikombe cha bati, fulana imelowa, nikachota maji kwenye beseni, nikasimama mbele ya muuguzi nikasubiri anyooshe mikono. Mwanga wote wa chumba ulivunjika, ukuta na dari vikaanza kukimbia.

"Na huyu mzee?" fundi simu akanong'ona. "Huyu naye yumo?"

Binti yangu alinitazama. Sijui alifikiri nini. Nilimlea na sijui.

"Huyu," akasema kwa ile sauti isiyo ya ofisini, "ndiye fundi aliyelitengeneza sanduku."

"Miaka mia tatu yuko hapa?"

"Hajamaliza kazi."

Nikamimina. Muuguzi akasugua, povu likatoka kijivu, likadondoka kwenye beseni. Akasugua tena. Nikamimina tena. Kila mtu aliinama kuangalia, na mimi nikakumbuka kidole changu. Masizi na mafuta ya mashine hayatoki kwa sabuni ya mche. Yanapungua tu. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale, na sikusema, kwa sababu nilikuwa nimekufa miaka mia tatu.

"Rusha dadu," binti yangu akasema.

Muuguzi akarusha kwa mikono yenye maji. Binti yangu akaangalia dadu, kisha akaangalia mikono.

"Inatoka," akasema. "Si yote. Haipandi tena. Lakini itabaki kidogo kwenye kucha, siku zote, popote utakapokwenda."

Muuguzi akaigeuza mikono yake. Ilikuwa ya kijivu, na kwenye kucha nyeusi kabisa.

"Inatosha," akasema. "Na hiyo nitasafiri nayo." Akafuta macho kwa kiwiko. Udi umezidi, akasema. Ulikuwa umezidi kweli.

Nikawamiminia na wale wengine wawili. Mkongo alisema asante Papa, kwa heshima, kama kweli nimemngoja chini ya maji. Fundi simu alinawa kimya, akarudia mara tatu, akauliza kama kuna mafuta ya taa.

Hawakuondoka upesi. Walikula chapati za yule mama wa chini, ambaye alipozileta aliuliza mvua ilienda wapi. Wakasimulia tena mambo yote ya miaka miwili, nani alikufa wapi na nani alimsaliti nani, kama watu waliorudi kutoka mahali. Muuguzi alipoondoka aliomba sabuni. Nikaitazama, ilikuwa imebaki nusu, imejaa masizi. Nikamwambia nitamletea nzima. Akasema hapana Mzee, hii hii. Akaifunga kwenye lile tambara langu.

Tukabaki wawili, tukiteremsha mablanketi. Jua likaingia, chumba kikarudi kuwa chumba, na kikanuka samaki.

"Lilipaswa kuwa tupu," binti yangu akasema.

"Nimeshaelewa."

"Niliandika maneno, Baba. Nimeyaandika mara kumi."

Akanipa ile karatasi. Nikaisoma polepole, ninavyosoma mimi. Yalisema kwamba mfalme alikuwa mwongo, kwamba dawa haikuwahi kuwapo, na kwamba kitu walichokuwa wanakitafuta ni ile safari yao wenyewe waliyotembea pamoja. Kwa mtu anayeruka Jumanne niliona ni maneno makavu kidogo. Lakini yalikuwa mazuri, yamepangwa vizuri, hakuna neno lililolegea. Nikamwambia ni mazuri. Nikamwambia pia kwamba sabuni ilifika kwanza.

Akaichukua karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku, akafunga mfuniko. Kwa hiyo tupu halikubaki.

Muuguzi aliruka. Siku ya pili alituma picha ya mkono wake ukiwa juu ya meza nyeupe ya kazini huko, kucha zimesuguliwa, weusi bado upo ukitazama sana. Binti yangu alinionyesha kwenye simu, akaipanua kwa vidole ili nione vizuri. Mimi nilikuwa naona tangu mwanzo.

Sanduku liko kwake chini ya dirisha, anawekea viatu. Kutu inaendelea kula, kwa sababu kutu haijui kwamba mchezo umekwisha, na kila nikienda Kamwokya nabeba msasa na kikopo cha rangi ya kuzuia, nasugua kidogo chini ambako hakuonekani. Yeye anajua na hasemi.

Mwezi uliopita akaniambia nije na brashi. Akaweka kahawa, akatoa viatu vyote, akasema, "Haya, andika jina lake." Nikamuuliza kwa herufi gani. Akasema nijuavyo. Nikaandika jina la mfalme juu ya mgongo wa mfuniko, nyeupe, herufi moja baada ya nyingine, sikunywa kahawa mpaka nimemaliza. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Zimenyooka mno," akasema.

Nikamwambia mfalme alikuwa na fundi mzuri.